Kuhariri Ni Kufungua, Baba

Ipuli, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Mbukwenyi. Na shikamoo juu yake, maana najua wewe hutosheki na salamu moja. Mimi mwanao ni mzima, nakula, nalala, na mvua ya huku imeninyeshea wiki nzima bila kuniletea hata mafua. Wasiwasi wangu uko kwenu. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilifika kwako, au Yona aliimalizia kwenye goti lake la mpira? Mama kifua kimetulia? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anakupa mawazo, amezaa salama?

Yona, mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba barua hii, nakuomba usome yote. Nakujua vizuri. Unasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, halafu katikati unatunga mwenyewe. Safari hii mambo yote yako katikati, na nitampigia Mama simu kumwuliza maswali, kwa hiyo utaumbuka.

Baba, sitakuzungusha. Kitabu kimetoka! Ninacho hapa mezani pembeni ya barua hii, bado kinanukia wino, na kila nikiandika sentensi mbili nakishika tena kuhakikisha hakijapotea. Nimefurahi kiasi kwamba jana sokoni nilinunua nyanya bila kuomba bei ipunguzwe. Mama akisikia hilo atajua mwanawe si mzima kabisa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nilipoondoka nyumbani uliniuliza swali, nami nikakujibu ovyo kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi. Uliniuliza, "Hiyo kazi ya kuhariri ndiyo nini hasa?" Nikasema ni kusahihisha maandishi ya watu kabla hayajachapwa. Ukatikisa kichwa. Baadaye nikasikia kwa Mama kwamba kanisani umewaambia wazee binti yako ameajiriwa Tabora kutafuta makosa ya watu, na kwamba tangu utoto wangu nilikuwa na kipaji hicho, sema hakikuwa na mshahara. Nilicheka, ila iliniuma pia. Ulisema mtu anayepita akisahihisha wakubwa anatafuta ugomvi. Na ukaniambia wazi kwamba mambo yakinishinda nirudi, baba mdogo anahitaji karani kwenye mashine yake ya kukamua alizeti pale Kibaigwa.

Basi nusura niwe karani wa alizeti, Baba. Nusura kabisa.

Bosi wangu, Mama Zarina, ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini. Ana duka la uchapaji alilorithi kwa baba yake. Kwa miaka mingi wamechapa kadi za harusi, mitihani ya shule na kalenda za misikiti. Akaamua sasa achape vitabu vya watu wa huku, kuhusu mambo ya huku, na mimi ndiye mhariri wake wa kwanza. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Mzee Maganga, mstaafu wa reli anayekaa Ipuli, mitaa michache tu kutoka chumba nilichopanga. Ameandika kwa mkono wake habari za babu wa babu yake, aliyekuwa mpagazi katika misafara ya zamani iliyokuwa ikienda pwani na pembe za ndovu na kurudi na majora ya nguo. Mama Zarina alinipa mswada ule akaniambia, "Mwaja, karatasi nimeshanunua. Kitabu kikitoka kabla ya mfungo, tunaendelea. Kisipotoka, mimi narudi kwenye kadi zangu za harusi, na kadi ya harusi haihitaji mhariri." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyosema hata bei ya chai.

Nikausoma mswada. Baba, ndani yake mlikuwa na kitabu kizuri, ila huwezi kukiona. Mzee Maganga alikuwa na ndugu Nzega, ndugu Urambo, ndugu kila stesheni ya treni, na kila mmoja alikuwa amemwambia, "Na mimi unitaje." Naye akawataja. Babu yao hafungui mlango bila kusindikizwa na ukoo mzima. Anataka kuvuka kijito, inabidi asubiri watajwe shemeji wote na sifa zao, nani alijenga nyumba ya bati, nani alihiji. Msomaji akifika ng'ambo ya kijito ameshasahau nani alikuwa anavuka.

Nikaenda kwake na adabu zangu zote ulizonifundisha. Nilijifunga kitenge, nikatoa shikamoo nikiwa nimeinama mpaka mgongo ukalia. Mzee ni mrefu, mkavu, kofia yake nyeupe haina hata doa, na anaketi barazani kwake kama bado anasubiri treni ambayo yeye ndiye atakayeipa ruhusa ya kuondoka.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye umetumwa na Zarina?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni mhariri."

"Mhariri maana yake nini?"

Nikamjibu vile vile nilivyokujibu wewe, kwamba ni mtu wa kusahihisha maandishi.

"Kwa hiyo nina makosa."

"Hapana mzee, ila kuna mahali pachache tungeweza—"

"Kama sina makosa, unasahihisha nini? Na kama ninayo, umezaliwa lini wewe?"

Nikanywa chai, nikashukuru, nikaondoka. Nikarudi tena wiki ile. Nikarudi tena. Kila siku shikamoo, kila siku chai, na hakuna hata nukta iliyosogea. Watoto wake, watu wazima wenye familia zao, walinipa pole getini. "Hata sisi hatuthubutu," mmoja akaniambia. Nikawa narudi ofisini mikono mitupu, na Mama Zarina haulizi kitu, anahesabu tu marundo ya karatasi kwa macho.

Siku hizo za kukata tamaa ndipo nilipoanza kulichimba hilo neno lenyewe. Nilijiona mjinga, kuulizwa mara mbili maana ya kazi yangu, na wewe na Mzee Maganga, na mara zote mbili nikatoa jibu la kitoto. Fundi mitambo wetu alinihakikishia kwamba linatokana na hariri, kile kitambaa laini, kwa sababu mhariri analainisha maneno. Nilipenda sana maelezo hayo, yalinifanya nijione wa thamani. Lakini nilifungua kamusi, kisha nikamwuliza ustadhi wa madrasa iliyo jirani na chumba changu, na jibu likawa jingine. Nitakwambia, vumilia kidogo. Nataka ulisikie pale nilipolitumia.

Aliyeniokoa ni dada yake Mzee Maganga, Bi Kalunde. Huyu ni mkubwa kwa mzee, anakaa naye nyumba ile ile, na ndiye mtu pekee anayemwambia nyamaza. Siku moja nilikuwa natoka pale, uso umenishuka, akanisimamisha uani akaniwekea matobolwa kwenye sahani, vile viazi vyao vya kukausha na kuchemsha.

"Kula, mwanangu. Kwani wewe kwenu wapi? Una sura ya mbali."

"Mpwapwa, Bibi."

Akaacha kupepeta. "Mpwapwa? Mgogo?"

"Ndiyo."

Baba, yule bibi aliweka ungo chini akashika kiuno akacheka mpaka kilemba kikamtoka. "Mgogo! Ni mtani wetu huyu! Na muda wote huu unamwinamia Maganga kama mkwe wake? Nani amekufundisha adabu ya namna hiyo? Mtani anaomba?"

Nikabaki na kiazi mdomoni. Hebu fikiri, Baba, wewe mwenyewe ulinisimulia utani wetu na Wanyamwezi tangu nikiwa mdogo, jinsi misafara yao ilivyokuwa ikipita nchini kwetu na wazee wetu wakiwatoza hongo. Yona, mwelewesha Mama asije akanifikiria vibaya, si hongo hii ya chini ya meza, ni ile ya zamani, ushuru wa njia na maji. Uliniambia kwenye msiba wao Mgogo anaweza kuchukua jembe la kaburi akakataa kulitoa mpaka alipwe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Nami nimekaa Tabora miezi, nina funguo mfukoni, nagonga mlango kama mgeni! Adabu ndiyo iliyokuwa kosa langu. Kwa Mnyamwezi, Mgogo mpole ni mtu anayeficha jambo baya.

Kesho yake sikuvaa kitenge cha heshima. Nikapiga hodi, sikungoja karibu. Nikapanda barazani, nikanyakua kofia ya mzee kichwani kwake, nikaivaa mimi, nikaketi katikati ya mlango.

"We mtoto! Una wazimu?"

"Sina wazimu. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Msafara wako umefika kwetu, mtani, na hapa hapiti mtu bila hongo."

Mzee aliniangalia, akaiangalia kofia, akaniangalia tena.

"Mgogo," akasema taratibu. "Kumbe muda wote huu nimekalisha Mgogo barazani kwangu, anakunywa chai yangu na hasemi." Akageuka ndani akapaza sauti. "Dada! Ndiyo maana sukari haikai!"

Na huko jikoni Bi Kalunde alikuwa hoi kwa kicheko.

"Haya," mzee akasema, na hapo ndipo nilipoona meno yake kwa mara ya kwanza, "unataka nini? Wazee wako walichukua nguo na shanga zetu, na hawakushiba."

"Nguo ninazo. Mimi nataka kurasa. Kwa kuanzia, sura ya kwanza, mashemeji wote."

"Wote? Wa Nzega wataniua!"

"Tutawapa ukurasa wao mwisho wa kitabu, wakae wote pamoja wasalimiane."

"Nusu."

"Wote."

"Mgogo una tamaa wewe."

"Na wewe Mnyamwezi umezoea kubeba. Hata mzigo usiokuhusu unajitwika kichwani, halafu unashangaa mbona safari haifiki."

Akapiga goti kwa kiganja. Akasema hilo tusi hajalisikia tangu utoto wake, tangu watani wa kweli walipokuwa bado wanatembeleana. Akachukua kalamu, akawakata mashemeji yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa majina. Tangu siku hiyo, Baba, nikawa naenda kila alasiri. Nikifika ananiuliza kutoka mbali, "Mtoza ushuru, leo unataka nini?" Mara nyingine nikikuta ameshakata kabla yangu, ananionyesha kwa majivuno, "Nimelipa mapema, usinisumbue." Na mara nyingine alinikatalia, nami nikarudi nyumbani nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Nilijifunza sana. Kuna maneno niliyoyadhania kuwa mzigo, kumbe ndiyo mgongo wenyewe.

Na babu akaanza kuonekana. Ukurasa kwa ukurasa, yule mpagazi akatoka kwenye msongamano wa ndugu zake, akawa mtu. Tukamwona bega lake lenye sugu, tukamsikia akiimba asubuhi kabla ya kutwika.

Tulikwama sura ya mwisho.

Katika sura hiyo wanarudi kutoka pwani. Wamemaliza Ugogo, wanaingia lile pori kame walilokuwa wakiliita Mgunda Mkali, ambalo ukilivuka salama unatokea Tura, na ukifika Tura umefika kwa Wanyamwezi. Mzee ameandika kwamba babu alilivuka pori lile bila kuangusha mzigo, na kwamba hata siku moja maishani mwake hakuwahi kuangusha mzigo. Hapo ndipo alipopatia sifa, na ukoo mzima unajivunia mpaka leo. Kisha akaongeza mwishoni: "Na mkewe Nyamizi alikuwepo."

Nikamwambia, "Mtani, hapa natoza neno moja tu. Alikuwepo. Alikuwepo akifanya nini?"

Mzee akafunga kalamu. "Hilo halilipiki," akasema.

Akaingia ndani. Nikabaki barazani sijui nimevunja nini. Bi Kalunde akatoka jikoni, akakaa pale pale alipokuwa ameketi mdogo wake, akanisimulia. Nyamizi alikuwa amebeba vyungu na mkeka, na mtoto mgongoni. Katikati ya pori mumewe akashikwa na homa, akaanguka. Msafara haukusubiri, maana maji yalikuwa yamekwisha, na kiongozi akasema mzigo uachwe. Nyamizi akakataa. Akavitupa vyungu vyake, akajitwika jora la mumewe, mtoto mgongoni, akatembea na wenzake mpaka Tura. Akaushusha mzigo, akachukua maji, akarudi porini peke yake, akamkuta mumewe bado anapumua. Kwa hiyo ni kweli mzigo haukuanguka. Wanawake wa ukoo ule wanasimuliana hivyo jikoni, mama kwa binti. Wanaume wanaijua pia, ila hawaitaji.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Akatoka akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "Zamani kijana wa Kinyamwezi alikuwa haozwi kabla hajaenda pwani na kurudi na mzigo wake. Nikiandika hivyo, babu yetu anakuwa mtu aliyebebewa na mwanamke. Kasubi wa Nzega ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ameshaniletea maneno kwamba nikimwaibisha babu, anawachukua watu wake wote na hakuna atakayekigusa kitabu changu. Mimi nimebakiza nini, Mwaja? Kitabu hiki na kaburi."

Baba, hapo sikuwa na mzaha. Nilimwonea huruma, nikaivua ile kofia yake, niliyokuwa naivaa kila nikija kutoza, nikamrudishia. Nikamwambia, "Mzee, siku ya kwanza uliniuliza mhariri maana yake nini, nikakupa jibu la upande. Ninaomba nikujibu sasa."

Nikamwambia nililolipata. Kusahihisha kunatokana na sahihi, na sahihi ni ndugu wa siha. Yaani anayesahihisha anatibu, anaona neno lina homa analipa dawa, na hiyo ni kazi njema. Lakini kuhariri ni neno jingine. Waarabu wana herufi zao za mzizi ambazo maneno mengi huchipuka humo, na mzizi wa kuhariri ndio huo huo uliotupa sisi huru, na uhuru. Kwao neno hilo ni kukitengeneza kitabu kiwe safi, na ni hilo hilo analolisema mtu anapomfungua mtumwa akaenda zake. Kuhariri ni kufungua. Sikuja kutafuta makosa yako, nikamwambia. Nilikuja kutafuta nani amefungwa humu ndani.

Mzee alisoma madrasa utotoni, Kiarabu cha dini anakijua. Nikamwona midomo yake inalirudia lile neno polepole, kwa matamshi ya Kiarabu, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaketi.

"Nimelisema tangu nikiwa mtoto," akasema. "Sikuwahi kuliunganisha na kalamu."

Kisha akamwangalia dada yake, ambaye hajui kusoma na alikuwa anaondoa makapi kwenye nguo yake kama hayamhusu.

"Dada," akasema, "hebu anza upya. Polepole. Na wewe Mgogo, lete karatasi."

Akaandika mpaka jua likazama. Bi Kalunde alikumbuka jambo jingine, kwamba kabla ya kuingia porini mwanamke mmoja wa Kigogo alimpa Nyamizi kibuyu cha maji bila kudai kitu, na maji yale ndiyo yaliyomfikisha mtoto. Mzee akaiweka kalamu chini. "Hilo siandiki. Nikisema Mgogo alitoa kitu bure, wasomaji wataacha kuniamini kitabu kizima." Tulibishana, na liliandikwa. Utaliona mwenyewe.

Tukachapa. Mama Zarina alisoma sura ile ya mwisho amesimama mlangoni pa chumba cha mitambo, akafuta miwani yake, akasema tu, "Washa."

Jumamosi iliyopita, kabla mwezi wa mfungo haujaandama, tukakisoma hadharani, nyumbani kwake mzee, chini ya maturubai. Walikuja watu wa mtaa, wafanyakazi wenzake wa reli wa zamani, na ndugu wa Nzega wamejaa basi dogo zima. Mzee Kasubi akaketi mbele kabisa, mnene, bakora katikati ya magoti, hakugusa hata soda. Mama Zarina alisimama pembeni ya maboksi ya vitabu. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nikiwaza mashine ya alizeti inavyopiga kelele.

Mzee Maganga alisoma vizuri. Watu walicheka panapochekesha. Alipofika Mgunda Mkali akainua macho, akamtafuta dada yake kati ya wanawake. Kisha akasoma. Akasoma homa, akasoma kiongozi anavyosema mzigo uachwe, akasoma vyungu vinavyopasuka chini. Aliposoma, "Nyamizi akainama, akajitwika jora la mumewe," Mzee Kasubi akagonga bakora yake chini kwa nguvu, akasimama.

"Maganga! Acha hapo."

Mzee Maganga alikishusha kitabu. Ndugu wa Nzega wakaanza kusogeza viti, wengine wakashika mikoba. Mama Zarina akaniangalia, nami nikaangalia chini.

Mzee Kasubi akageukia watu wake. "Mnakwenda wapi? Kaeni!" Akaiegemeza bakora kwenye kiti. "Mama yangu alinisimulia hili akiwa kitandani, anakufa. Akaniambia nisimwambie mtu mpaka nimpate mwenye kuthubutu." Kisha akamgeukia Mzee Maganga. "Hawa wa nyuma hawakusikia. Rudia. Na jina ulitaje kwa sauti."

Akarudia. Akalitaja. Sijui nani alianza vigelegele, nadhani ni Bi Kalunde, lakini vilipoanza havikuisha, wanawake wa Ipuli na wa Nzega kwa pamoja, na wazee wa reli wakisimama kupiga makofi. Mzee Kasubi akafungua kibindo, akanunua vitabu vya watoto wake na wajukuu wake wote, akaagiza vipakiwe kwenye basi kabla ya watu. Maboksi yaliisha jua likiwa bado juu. Mimi nililia, Baba, bila aibu, na kila aliyenipita alinikumbatia bila kujua mimi ni nani.

Mama Zarina alinikuta nyuma ya jiko. Akanipa leso yake. "Jumatatu uwahi," akasema. "Kuna mama mmoja wa Nzega ameniambia ana mambo ya kuandika, na tutaagiza karatasi nyingine." Kwa hiyo mwambie baba mdogo namshukuru sana, atafute karani mwingine. Mimi sirudi, nimepata kazi. Na wazee wa kanisani ukiwaona tena, waambie binti yako anafungua watu.

Pamoja na barua hii nawatumia dumu la asali ya huku na vitabu viwili, kimoja chako na kimoja cha maktaba ya shule. Yona, asali imepimwa. Msalimie Mama, mwambie aendelee kunywa maji ya moto. Wasalimie shangazi anayekaa karibu na kisima na wanawe, baba mdogo na mkewe, mchungaji wetu, mwalimu wangu aliyenifundisha kushika kalamu, na jirani zetu wa ng'ambo ya barabara wanaonidai mchezo wa bao. Bi Kalunde anawasalimu bila kuwajua, na Mzee Maganga amenituma tusi ambalo siwezi kuliandika, Yona ni mdogo.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Baba, maisha yangu yote nimesikia habari za babu, mifugo yake, mkuki wake, alivyomfukuza fisi. Habari za mama yako sijui hata moja. Najua jina lake tu, kwa sababu ulinipa mimi. Nikikuuliza ulikuwa unasema alikuwa mama mzuri, halafu unakwenda kuangalia ng'ombe.

Mwambie Yona achukue kalamu. Usipange, usirembe, anza popote, hata kama inauma. Halafu nitumie mimi.

Ni mimi binti yako,
Mwaja